Nani Alifua Mashuka ya Kamwokya

Makumbusho ya Uganda yamesimama kando ya Barabara ya Kira mjini Kampala tangu mwaka 1954, mwendo mfupi wa miguu kutoka kwenye vyumba vya kupanga vya mtaa wa Kamwokya. Miongoni mwa vitu vinavyohifadhiwa humo ni olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao hadi likalainika na kupata rangi ya udongo mwekundu. Ndilo lililokuwa vazi la Waganda, wakubwa kwa wadogo, kwa karne nyingi, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wake kuwa urithi wa binadamu wote. Olubugo si nguo ya kusuguliwa wala kukamuliwa. Huanikwa, hukung'utwa, na likichakaa hutafutwa jingine, kwa kuwa mutuba uliochunwa vizuri huota gome jipya na kuvunwa tena. Jamii iliyovaa olubugo haikumhitaji dobi.

Kazi ya kufua ilifika Buganda, ufalme wa Waganda, pamoja na pamba. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim aliingia katika jumba la mfalme, Kabaka Suuna wa Pili, na nyuma yake misafara ya pwani ikawa inaleta nguo ya pamba iitwayo merikani, shanga na bunduki, ikirudi na pembe za ndovu na watumwa. Chini ya mwanawe, Mutesa wa Kwanza, nguo ya pamba ilitoka kuwa zawadi adimu ikawa alama ya cheo. Mvumbuzi Speke alipofika mwaka 1862 alimkuta Mutesa amevaa olubugo. Stanley, mvumbuzi mwingine, alipofika mwaka 1875 alimkuta kabaka yule yule amevaa kwa mtindo wa Waarabu wa pwani, kofia nyekundu kichwani. Kanzu ilishuka kutoka ikulu hadi kwa machifu, ikatoka kwa machifu hadi kwa kila mwanamume wa Kiganda aendaye msikitini, kanisani au ukweni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake nao wakapata gomesi, vazi lililoanzia katika shule ya wasichana ya Gayaza, lenye mikono iliyosimama mabegani na mita kadhaa za kitambaa.

Kanzu nyeupe haina huruma kwa mvaaji wake. Kampala ni mji wa udongo mwekundu, vumbi lake wakati wa kiangazi hupanda hadi magotini na tope lake wakati wa masika hung'ang'ania pindo. Kuivaa kanzu safi siku ya Ijumaa au ya harusi maana yake ni kwamba siku iliyotangulia kuna mtu aliinama juu ya beseni. Historia ya mavazi ya Buganda imeandikwa kwa wingi, na picha za machifu waliovaa kanzu zimejaa kwenye vitabu. Mtu aliyezifua hatajwi.

Wakoloni waliongeza mzigo huo. Kilimo cha pamba kilichoanzishwa mwaka 1903 kiliwatia wakulima fedha mkononi, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilirudi dukani kununua nguo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala yenyewe mwaka 1931. Wahindi waliokuja na jeshi, na reli, na biashara, walikuja na kazi zao: ushonaji, useremala, unyozi na udobi. Kwa Wahindi udobi ulikuwa kazi ya ukoo, wenye siri zake za kuweka wanga, kutia buluu na kuandika alama ndogo kwenye ukosi ili shati la huyu lisivaliwe na yule. Katika nyumba za Wazungu kazi hiyo ilifanywa na watumishi wa nyumbani, na wengi wao katika Kampala ya wakati huo walikuwa wanaume. Dobi wa mjini alikuwa mwanamume aliyelipwa. Mfuaji wa nyumbani alikuwa mwanamke, naye hakulipwa. Mgawanyo huo haujafutika mpaka leo, ingawa umepindishwa mara kadhaa.

Hapa Kamwokya inaingia katika hadithi, na inaingia pamoja na Mjerumani. Ernst May, msanifu majengo, alikuwa amejipatia jina mjini Frankfurt kati ya mwaka 1925 na 1930, alipoongoza ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi. Katika baadhi ya mitaa hiyo aliweka kitu ambacho maskini wengi wa Ulaya hawakuwa nacho: jengo la pamoja la kufulia, lenye mashine na maji ya moto, ili mke wa mfanyakazi asichemshe mashuka jikoni mwake. Baadaye May alihamia Afrika Mashariki, akalima kahawa Arusha, akafungua ofisi Nairobi. Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimwita apange upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru, na mpango wake ukachapishwa mwaka 1947. Makumbusho ya Barabara ya Kira ni kazi yake pia.

Mpango wa May uliheshimu kanuni za ubaguzi za wakati ule. Wazungu na Waasia walipewa kilima cha Kololo, Waafrika wakapewa Naguru, na mabonde katikati yakaachwa wazi. Kamwokya ilikuwa pembeni mwa yote hayo, bondeni chini ya Kololo, ikipakana na Mulago upande mmoja na Bukoto upande wa pili. Wapishi, watunza bustani, yaya na wafuaji wa Kololo walihitaji mahali pa kulala wasipolala kwenye vibanda vya uani kwa mabwana zao. Wenye ardhi waliwajengea safu za vyumba vya kimoja kimoja ambavyo Kampala huviita mizigo. Mtu aliyeshinda akifua mashuka ya wengine kwa maji ya bomba kilimani alirudi jioni kufua ya kwake kwa maji ya chemchemi bondeni. Inasikitisha kufikiri kwamba mchoraji wa ramani ile alikuwa mtu aliyejua, kuliko karibu kila mtu katika Uganda, jinsi mji unavyoweza kuwajengea wafanyakazi wake mahali pa kufulia.

Chemchemi ndiyo iliyokuwa huduma ya bure ya kwanza. Kampala imejaa chemchemi kwenye miguu ya vilima vyake, na bonde la Kamwokya lina zake. Bomba la chuma limechomekwa kwenye ukuta wa saruji, maji yanatiririka usiku na mchana, hakuna anayedai senti. Wanawake walifua karibu na hapo na kuanika kwenye majani ya kando, kisha wakarudi na ndoo kichwani na rundo lililokamuliwa mkononi. Kadiri vyumba vilivyoongezeka na vyoo vya shimo vikachimbwa juu ya mteremko, maji yale yakaanza kuchafuka. Utafiti wa kitaalamu uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba chemchemi hizi huchafuliwa upesi mara mvua inaponyesha, kwa kuwa maji ya juu huzama na kuzifikia kwa muda mfupi. Wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 6,000 mjini Kampala, wengi wao wakiwa wakazi wa mabondeni.

Kuna takwimu za zamani zinazosaidia kuelewa uzito wa maji haya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walipima matumizi ya maji katika vituo 34 vya Kenya, Uganda na Tanzania, na kitabu chao kikatoka mwaka 1972. Miaka 30 baadaye watafiti wengine walirudi mahali pale pale. Katika nyumba zisizo na bomba, mtu alitumia kama lita 11 kwa siku mwanzoni na karibu lita 20 baadaye, ongezeko la kutia moyo. Lakini muda wa kuteka maji ulikuwa umepanda kutoka wastani wa dakika 28 kwa siku hadi dakika 92. Nazo nyumba zenye bomba, zilizokuwa zikitumia lita 128 kwa mtu, zilikuwa zimeshuka hadi lita 66, kwa sababu bomba lilikuwepo lakini maji hayakutoka kila siku. Lita 20 ni dumu moja. Katika dumu hilo mtu anywe, apike, aoge, aoshe vyombo, na kinachobaki ndicho cha nguo.

Ukitaka kuona lita zikihesabiwa, tazama mwanamke wa Kamwokya akifua siku ya Jumamosi. Ameinama kuanzia kiunoni, miguu imenyooka, mabeseni matatu mbele yake uani. La kwanza lina povu, la pili ni la kusuuza, la tatu ni la kusuuza tena. Mashati meupe ya shule yanatangulia. Yakitoka, zinaingia nguo za rangi katika povu lile lile, kisha suruali, kisha nguo za watoto za kuchezea ambazo zitageuza maji kuwa ya kahawia. Maji hayo hayamwagwi bado. Yanatumika kudeki sakafu, na yaliyobaki yanapelekwa kuoshea choo cha pamoja. Sabuni ni kipande cha mche kilichokatwa dukani kwa wale wasioweza kununua mche mzima, na mwisho wake mwembamba usioshikika hugandamizwa kwenye kipande kipya ili usipotee.

Halafu inakuja kazi ambayo wageni huisahau, nayo ni kuanika. Safu za mizigo zimekaribiana kiasi kwamba kamba moja hugombewa na kaya kadhaa. Nguo ikianikwa mbali na macho huibwa. Ikianikwa chini kwenye nyasi hupata mayai ya inzi ambaye funza wake hupenya kwenye ngozi ya mvaaji na kuvimba kama jipu. Ndiyo maana familia nyingi za Uganda hupiga pasi hata nepi na fulana za ndani: joto la pasi ya mkaa huyaua mayai hayo. Pasi nzuri ina kifuniko chenye jogoo wa chuma, huwashwa kwa makaa matatu au manne, na mpigaji huipunga hewani kabla ya kuanza ili majivu yasidondokee kwenye kanzu.

Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Pamoja na maduka na viwanda viliondoka pia mikono iliyojua kuendesha mitambo ya mafuta na sabuni, na kwa muda mfupi sabuni ikaingia katika orodha ya bidhaa muhimu, pamoja na sukari na chumvi, zilizogawiwa kwa vibali au kuuzwa kwa magendo. Wazee wa Kampala waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka kufua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu. Dobi asiye na sabuni wala wanga hana duka, na maduka mengi ya kazi hiyo yalikuwa ya watu waliofukuzwa. Kufua kulirudi uani kabisa, kwa wanawake na wasichana. Vita vilivyofuata, hadi Januari 1986, havikurudisha chochote haraka.

Kisha yakaja mashuka.

Ugonjwa uliokuwa umeonekana Kasensero, katika wilaya ya Rakai, mwaka 1982 ulifika Kampala kabla watu hawajaupatia jina moja. Makala ya kitaalamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na daktari wa Uganda David Serwadda, iliueleza kwa dalili zake kuu mbili: kukonda kupita kiasi na kuharisha kusikokoma. Dalili hiyo ya pili inaelezwa kwa neno moja katika vitabu vya tiba, lakini katika chumba kimoja cha Kamwokya ilikuwa kazi ya mchana na usiku. Mgonjwa asiyeweza kuinuka huchafua shuka mara nyingi kwa siku. Familia nyingi zilikuwa na mashuka mawili, au moja, au khanga iliyofanywa shuka. Maji yalikuwa ya kuteka. Hospitali zilikuwa zimejaa na zilikuwa zinawarudisha wagonjwa nyumbani kwa kuwa dawa haikuwepo. Na juu ya yote kulikuwa na woga: jirani aliyeona mashuka yameanikwa asubuhi, adhuhuri na jioni alijua kilichomo ndani, na mara nyingi aliacha kupita mlangoni.

Mwaka 1987 mambo kadhaa yalianza Kampala kwa wakati mmoja. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi vya UKIMWI na familia zao. Hospitali ya Nsambya, chini ya mtawa na daktari Miriam Duggan kutoka Ireland, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Kamwokya kwenyewe, waumini wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo walianza kwenda nyumba kwa nyumba. Jumuiya hizo zilikuwa mpango wa Kanisa Katoliki katika Afrika Mashariki, uliotiliwa mkazo mwaka 1976 na AMECEA, umoja wa maaskofu wa kanda hiyo: majirani wachache hukutana katika nyumba ya mmoja wao, husoma, husali, na kuulizana nani anahitaji nini. Katika Kamwokya ya 1987 jibu la swali hilo la mwisho lilikuwa moja karibu kila wiki. Watu walikuwa wanakufa bila kuogeshwa. Kutokana na ziara hizo ikazaliwa Kamwokya Christian Caring Community, iliyojulikana kwa herufi zake KCCC.

Kazi ya wale waliojitolea haikuwa ya kupigiwa picha. Walifagia chumba, walipika uji, walimgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongoni, na walifua. Utaratibu wa uuguzi wa nyumbani uliofundishwa Uganda miaka hiyo ni mwepesi kuuandika: kinyesi huondolewa kwanza kwa maji, shuka huloweshwa kwenye maji yaliyotiwa Jik, dawa ya klorini, huachwa kwa muda, kisha hufuliwa kwa sabuni, huanikwa juani na kupigwa pasi. Mwenye glavu alivaa glavu. Asiye nazo alifunga mikono kwa kaveera, mifuko ya plastiki ya sokoni. Maji aliyateka mwenyewe, na sabuni ilitoka kwenye michango ya wanajumuiya. Wengi wa watu hawa walikuwa wapangaji kama wagonjwa wao, wanawake wenye mabeseni yao wenyewe ya kufua uani.

Hii ndiyo iliyokuwa huduma ya kufua bure ya Kamwokya, na inastahili kuitwa hivyo waziwazi. Haikuwa na mashine wala jengo. Ilikuwa na kanuni mbili ambazo kila mpango wa aina hiyo duniani hujikuta umezifikia: kwamba usafi wa shuka ni sehemu ya tiba, na kwamba mtu asiye na uwezo wa kufua hapaswi kuomba kwa aibu. Majirani waliona mashuka ya mgonjwa yakifuliwa na watu wasio ndugu zake, mchana, mlangoni, na hawakuona yeyote akidhurika. Katika mtaa ambao woga ulikuwa unaua haraka sawa na ugonjwa, tendo hilo la uani lilifundisha kuliko mabango. Baadaye KCCC ilikua, ikawa na zahanati, shule na mikopo midogo, na dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini Uganda mwaka 2004, wagonjwa walianza kuinuka na kufua wenyewe.

Liverpool, Uingereza, ilipita njia inayofanana na hii miaka 155 kabla ya mwaka 1987. Kitty Wilkinson, mzaliwa wa Ireland aliyehamia mji huo wa bandari, alikuwa na kitu ambacho majirani zake hawakuwa nacho: sufuria kubwa la kuchemshia maji jikoni. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1832 aliwafungulia wenzake jiko lake wafue nguo na matandiko ya wagonjwa, kwa peni moja kwa wiki, akiwaonyesha kutumia dawa ya klorini. Mwaka 1842 mji ulifungua jengo la umma la kuogea na kufulia katika mtaa wa Frederick, mwaka 1846 Kitty na mumewe wakawekwa kuwa wasimamizi, na mwaka huo huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoziruhusu halmashauri kujenga majengo ya aina hiyo. Jiko la mtu mmoja likawa sheria ya nchi ndani ya miaka 14. Uani wa Kamwokya haukuwahi kupata sheria yake. Wafadhili walilipia dawa na elimu, jambo la kushukuriwa, lakini maji ya kufulia yaliendelea kuwa shida ya kila kaya peke yake.

Shida hiyo ina bei. Shirika la Taifa la Maji, NWSC, lililoundwa mwaka 1972, liliweka katika mitaa ya maskini ya Kampala mabomba ya umma yenye mita za kulipia kabla, na bei iliyotangazwa kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 25 kwa dumu la lita 20. Kwa muuzaji wa kawaida mtaani dumu hilo hilo liliuzwa shilingi 100, 200, au zaidi bomba lilipokauka. Familia iliyotumia madumu matano kwa ufuaji wa Jumamosi ililipa shilingi 125 kwa bei ya mita au shilingi 1,000 kwa bei ya muuzaji aliyetoza 200. Tofauti hiyo ilikuwa sabuni ya wiki.

Wakati huo huo kufua kumekuwa tena kazi ya kulipwa, safari hii kwa wanawake. Alfajiri wanatoka Kamwokya na mitaa mingine ya mabondeni kupanda Kololo, Bukoto na Ntinda kuuliza mlango kwa mlango kama kuna nguo. Katikati ya miaka ya 2010 vijana wa Kampala walitengeneza programu ya simu iitwayo Yoza, iliyowaunganisha wafuaji na wateja wasio na muda. Maduka ya mashine yamefunguliwa kando ya barabara kubwa, yanatoza kwa kilo au kwa kipande, yanarudisha nguo kwa boda boda zikiwa zimekunjwa ndani ya plastiki. Kati ya hayo mawili yupo dobi mdogo wa mtaani: chumba kimoja au kontena, mashine moja au hakuna, pasi, kaunta ya mbao, namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye lebo ya kila nguo, na daftari.

Dobi huyu mdogo ndiye anayeweza leo kufanya alichofanya mwenye sufuria wa Liverpool, na si ndoto. California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa Laundry Love ulianza kwa wazo rahisi: usijenge chochote, nenda kwenye duka la kufulia lililopo, saa ambazo wateja ni wachache, ulipie mashine na sabuni kwa wasio nacho. Brisbane, Australia, vijana wawili, Lucas Patchett na Nic Marchesi, walifunga mashine kwenye gari mwaka 2014 na kuanzisha Orange Sky, huduma ya kuwafulia bure watu wasio na makazi. Orange Sky iliweka viti, kwa sababu mashine inapozunguka watu huzungumza.

Kamwokya haiwezi kuinakili California kama ilivyo. Huko tatizo ni sarafu za kuwashia mashine, hapa tatizo linaanzia kwenye bomba. Mashine ya kisasa ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50 kwa mzigo wa kilo saba, ambayo ni madumu mawili na nusu, chini ya mabeseni matatu ya uani yanayobadilishwa maji. Kwa hiyo mashine moja ya pamoja huokoa maji, lakini inataka umeme usiokatika na maji yenye msukumo, na maji machafu yanayotoka yanataka mfereji usiorudi kwenye vyumba vya jirani mvua ikinyesha. Mahali pasipo na uhakika wa umeme, msaada wa maana zaidi ambao duka linaweza kutoa ni mdogo na hauna fahari: bomba lake lenye mita kwa bei ya umma, kibaraza cha saruji chenye mteremko, mabeseni makubwa, kamba zilizo ndani ya uzio ambako nguo haziibwi, na pasi yenye moto mwisho wa siku. Wateja wa kulipa huja asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake, na saa za mchana kamba hubaki tupu.

Mwenye duka atauliza nani analipia, na ana haki ya kuuliza. Madumu 40 kwa siku moja ya wiki, kwa bei ile ya mita ya shilingi 25, ni shilingi 1,000, kiasi ambacho jumuiya ndogo yenye watu 20 inaweza kukichanga bila kuumia. Sabuni ni ghali zaidi ya maji hayo. Hapo ndipo viwanda vya Kampala vinavyouza miche na sabuni ya unga kwa mamilioni ya kaya vina nafasi ya kuingia, pamoja na mamlaka ya jiji, KCCA, ambayo tayari inahangaikia mifereji. Na wa kuanza nao wanajulikana kwa kila mwenyekiti wa mtaa: bibi anayelea wajukuu sita, mama aliyejifungua wiki iliyopita, kijana anayemuuguza baba aliyepooza, mama mwenye mtoto anayehara. Wale wanawake waliofunga kaveera mikononi mwaka 1987 walianza na orodha ya aina hiyo, iliyoandikwa baada ya sala kwenye chumba cha mtu, ikiwa na majina na mlango wa kila mmoja.